Injini ya Matofali Haisemi Uongo Kwenye Kona

Mtu mzima akikutwa amepiga magoti sakafuni, mbele yake matofali ya plastiki ya kuchezea na reli za mduara, watu humcheka kidogo kisha wakamwacha. Humcheka zaidi wakisikia kwamba anachojenga ni injini ya treni ya mvuke, chombo ambacho vijana wengi wa leo hawajawahi kukiona kikitoa moshi. Watu wa namna hiyo wamejaa Ulaya, Marekani na Japani, na wanafanya kazi yao kwa bidii ya ajabu. Hawafuati karatasi ya maelekezo iliyokuja na boksi. Wanachukua michoro ya injini iliyowahi kufanya kazi, wanaipunguza kwa hesabu, wanachagua kipande kimoja kimoja, wanatia mota na betri ndani ya tumbo la boila, halafu wanaiwasha waone kama itapita kwenye kona. Hoja yangu ni kwamba pale kwenye kona ndipo mchezo unapogeuka elimu, tena elimu ambayo kitabu cha historia ya reli au injini iliyoegeshwa makumbusho haiwezi kuitoa peke yake. Mfano wa kuwekwa kabatini unaweza kudanganya utakavyo, maana hakuna wa kuuliza. Mfano unaotakiwa kutembea unaulizwa swali kila mzunguko, na jibu linaonekana na kila mtu: umepita, au umeanguka.

Ukali wa somo hili unaanzia kwenye tofali lenyewe. Kampuni ya Lego ilianzishwa mwaka 1932 na seremala Ole Kirk Christiansen katika mji wa Billund, Denmark. Tofali tunalolijua leo, lenye vifundo juu na mirija tumboni, liliombewa hataza mwaka 1958, na tofali la mwaka huo bado linashikana na lililotoka kiwandani juzi. Kutoka kifundo hadi kifundo ni milimita 8. Kimo cha tofali ni milimita 9.6, na kile kipande chembamba ni theluthi yake, milimita 3.2. Vipande vyembamba vitano vikipandana vinafika milimita 16, ambazo ni upana wa vifundo viwili kamili. Juu ya usawa huo mdogo ndipo wajenzi wanapopata njia ya kulaza matofali ubavu bila kuacha mwanya. Reli mbili za treni ya Lego zimeachana kiasi cha milimita 38. Kona ya kawaida ina nusukipenyo cha vifundo 40, yaani milimita 320, na vipande 16 vya kona vinafunga duara. Hizo ndizo sheria za nchi hiyo, na hazina rufaa. Seremala akikosea hupiga randa, fundi wa waya hukunja upya, mchomeleaji huongeza kiraka. Mjenzi wa matofali hana nusu milimita ya kuongeza wala kupunguza. Anataka boila ya mviringo, anapewa miraba.

Sasa tumpe kazi ngumu. Injini ya daraja la 59 ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki ilikuwa na urefu wa karibu mita 31.7 na uzito wa tani 252. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilitengeneza 34 za aina hiyo katika miaka ya 1955 na 1956, na hazikupata mpinzani: hakuna injini ya mvuke yenye nguvu kuzizidi iliyowahi kutembea kwenye reli za upana wa mita moja popote duniani. Zilichoma mafuta mazito, si kuni wala makaa, na kazi yake kubwa ilikuwa kupandisha mizigo kutoka Mombasa hadi Nairobi, safari ya takriban kilomita 530 inayoanzia usawa wa bahari na kuishia kwenye kimo cha karibu mita 1,700. Kila moja ilipewa jina la mlima. Mbili zimebaki katika makumbusho ya reli ya Nairobi, namba 5918 Mount Gelai na namba 5930 Mount Shengena. (Milima yote miwili iko Tanzania, Gelai karibu na Ziwa Natron na Shengena katika Upare. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 tuligawana mengi, lakini majina ya milima yalibaki yalipobaki.) Magurudumu ya injini hizi yamepangwa kwa namna isiyo ya kawaida. Mbele kuna kundi zima la magurudumu lenye mitambo yake, nyuma kuna kundi jingine kama hilo lililogeuzwa, na katikati boila imening'inia baina yao kama machela iliyobebwa na watu wawili.

Kwa nini iwe hivyo? Kitabu kitakwambia kwamba muundo huo unaitwa Garratt, kwamba Mwingereza Herbert William Garratt aliuombea hataza mwaka 1907, na kwamba injini ya kwanza ya aina hiyo ilipelekwa Tasmania mwaka 1909 kwenye reli nyembamba ya milimita 610. Utakumbuka hayo hadi siku ya mtihani. Mjenzi wa matofali anafika kwenye jibu kwa njia nyingine. Anapunguza injini ya daraja la 59 mara 48, ili upana wake wa karibu mita 3 uingie kwenye vifundo 8, na anapata urefu wa milimita 660. Kisha anaangalia reli alizonazo. Duara la kona zake lina kipenyo cha milimita 640. Injini yake ni ndefu kuliko duara linalotakiwa kuizungusha! Akiijenga kama rungu moja, haitafika popote. Hata kulala juu ya reli haitaweza. Hana budi kuikata, na akishaikata anagundua kwamba vipande viwili havimtoshi, kwa kuwa boila ndefu yenye magurudumu chini yake itagoma vilevile. Inabidi vipande viwe vitatu, na cha katikati kisiguse reli kabisa. Mtu ambaye hajasikia jina la Garratt maishani mwake, akilazimishwa na kona ya plastiki, atakuwa amekaribia sana kile alichokifikia Garratt alipolazimishwa na kona za makoloni.

Hapo ndipo inapofaa kukaa kidogo, maana jibu moja huzaa mengine. Boila ikishaondolewa magurudumu chini yake, nafasi inafunguka. Katika injini halisi nafasi hiyo ilitumika kupanua na kushusha sanduku la moto, ndiyo maana injini hizi ziliweza kuwa na moto mkubwa kwenye reli nyembamba. Katika injini ya matofali nafasi hiyohiyo inapokea kisanduku cha betri, ambacho ni kinene na hakina pengine pa kukaa. Vyote viwili ni vyanzo vya nguvu, na vyote viwili vimekaa mahali pamoja kwa sababu moja. Halafu linakuja suala la egemeo, ile pini ambayo boila inazungukia juu ya kila kundi la magurudumu. Tuseme maegemeo mawili yameachana milimita 250. Kwenye kona ya nusukipenyo cha milimita 320, katikati ya boila itaingia ndani ya mkunjo kwa milimita 25 hivi, zaidi ya vifundo vitatu. Ukitaka kupunguza hilo, sogeza maegemeo yakaribiane. Lakini ukiyasogeza, matangi yaliyobebwa na makundi ya mbele na ya nyuma yanaanza kupepea nje ya kona kama mkia. Hakuna mahali pa egemeo ambapo hasara zote zinakwisha. Unachagua hasara utakayoishi nayo, na sidhani kama kuna maelezo mafupi zaidi ya kazi ya mhandisi kuliko hayo.

Magurudumu nayo yana kesi yake. Kila kundi la daraja la 59 lina ekseli nne za kuendesha, zenye magurudumu ya kipenyo cha karibu milimita 1,372. Tukigawa kwa 48 tunapata chini kidogo ya milimita 29, na yapo magurudumu makubwa ya treni za Lego yanayokaribia kipimo hicho, yale yaliyoletwa na seti ya Emerald Night mwaka 2009. Tuyaweke kwa umbali wa vifundo vitano vitano, milimita 40 kutoka ekseli hadi ekseli. Ekseli ya kwanza na ya nne zikikaa sawasawa juu ya kona, zile mbili za kati zinakuwa zimepotoka milimita 5 kutoka kwenye mstari wa reli. Gurudumu la treni lina ukingo, ule mdomo wa ndani unaolizuia lisitoroke, na ukingo huo hauvumilii milimita 5. Injini itapanda juu ya reli na kulala ubavu. Wajenzi wamepata dawa: magurudumu ya kati hayawekewi ukingo, yanabaki laini kama pipa na kuteleza juu ya reli kushoto na kulia. Ukidhani huo ni ujanja wa wachezaji tu, kawaulize Waingereza. Injini zao za daraja la 9F zilizoanza kutengenezwa katika miaka ya 1950, zenye ekseli tano za kuendesha, zilikuwa na magurudumu ya kati yasiyo na ukingo kwa sababu hiyohiyo. Hesabu ya mduara haijali kama unapima kwa mita au kwa vifundo.

Katika fimbo za kuunganisha magurudumu, plastiki inafundisha jambo kwa ukarimu usiotarajiwa. Mjenzi mvivu huungamanisha kila ekseli kwa gia, na fimbo za nje zinabaki pambo. Mjenzi makini anaipa mota ekseli moja tu na kuziachia fimbo kazi ya kuzisukuma nyingine, kama ilivyokuwa katika chuma. Akiweka fimbo za kushoto na za kulia zikiwa sambamba, ataona injini inakwama kila nusu mzunguko. Fimbo ikinyooka sawasawa na mstari wa ekseli, haina tena uwezo wa kuamua gurudumu liende mbele au lirudi nyuma. Magurudumu mawili yanageuka hivi na mengine hivi, na kila kitu kinajifunga. Dawa ni kuutanguliza upande mmoja kwa robo mzunguko, ili upande huu unapokwama ule uwe katika nguvu yake yote. Mafundi wa karne ya 19 walihitaji vipimo vya makini ili kupata robo hiyo kamili, nyuzi 90 bila kupungua. Ekseli ya Lego imechongwa kama alama ya kujumlisha, kwa hiyo gurudumu linaweza kukaa katika namna nne tu na zote zimeachana kwa nyuzi 90. Robo inakuja yenyewe. Ni mojawapo ya mahali pachache ambapo ukali wa matofali unageuka msaada.

Halafu kuna nguvu ya kuvuta, ambako watu wengi hukosea wakidhani kwamba mota kubwa ndiyo jibu. Injini ya daraja la 59 ilikadiriwa kuvuta kwa nguvu ya ratili 83,350, sawa na uzito wa tani 37 hivi. Ekseli zake nane za kuendesha zilibeba kwa jumla zaidi ya tani 160. Maana yake kila tani ya mvuto ilihitaji zaidi ya tani nne za kuyakandamiza magurudumu yasiteleze. Chuma juu ya chuma hakikushika zaidi ya hapo. Plastiki juu ya plastiki ni mbaya zaidi, na ndiyo sababu wajenzi huvalisha magurudumu pete za mpira na kupanga betri zikae pale uzito unapohitajika. Kisanduku cha mfumo wa Powered Up, ulioingia sokoni mwaka 2018, kinabeba betri sita ndogo na kina matundu mawili ya mota, kwa hiyo kila kundi la magurudumu linapata mota yake. Makundi hayo yameelekeana kwa mgongo, hivyo mota moja lazima izunguke kinyume cha mwenzake. Anayesahau hilo huona injini yake ikijivuta yenyewe pande mbili na kusimama palepale. Kuhusu mwendo, tuseme mota ya ukubwa wa kati inazunguka mara 390 kwa dakika isipobebeshwa kitu. Ukiifunga moja kwa moja kwenye gurudumu la milimita 30, mfano utakimbia kwa mwendo ambao, ukikuzwa mara 48, ni zaidi ya kilomita 100 kwa saa, mwendo wa kichekesho kwa treni ya mizigo. Gia ya meno 12 ikiisukuma ya meno 20 inaushusha hadi kilomita 60 na ushei, na ulichopoteza kwenye mwendo unakipata kwenye nguvu.

Msomaji makini ana haki ya kunikatiza hapa. Unasema mfano unaotembea haudanganyi, atasema, na huku ndani ya boila hakuna moto, hakuna maji, hakuna mvuke, kuna betri. Zaidi ya hapo, katika injini ya kweli pistoni ndiyo inayosukuma fimbo na fimbo ikageuza gurudumu. Katika mfano wako mota inageuza gurudumu, gurudumu linavuta fimbo, na pistoni inakokotwa mwishoni kama mbuzi aendaye mnadani. Sababu na matokeo vimebadilishana viti. Pingamizi hili ni zito na silipunguzi. Mfano wa matofali hautamfundisha mtu lolote kuhusu joto, shinikizo wala vali, na anayedai unafundisha anajidanganya. Naongeza hata uongo mwingine ambao mpingaji huenda hakuuona: reli ya upana wa mita moja ikipunguzwa mara 48 ingekuwa na milimita 21, ilhali reli ya Lego ina karibu mara mbili ya hizo. Injini yetu ya matofali imesimama kwa miguu iliyotanuka, na kwa hiyo ni imara kuliko mama yake. Ninachokidai ni kidogo kuliko mpingaji anavyodhani. Injini ya treni ni mitambo miwili iliyofungwa pamoja, mmoja wa kugeuza moto kuwa msukumo na mwingine wa kugeuza msukumo kuwa safari juu ya reli zilizokunjwa. Kuhusu huo wa kwanza mfano uko kimya. Kuhusu wa pili unasema kweli, kwa sababu uzito ni uzito kweli, msuguano ni msuguano kweli, na kona ni kona. Ushahidi wa nusu usiokosea una thamani kubwa kuliko mchoro mzima ambao haujawahi kujaribiwa.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike na vipande wakati kompyuta ipo. Programu za kuchora mifano ya Lego zipo tangu LDraw ya mwaka 1995, na za leo zinakuonyesha injini nzima kwenye kioo kabla hujanunua kipande. Nazo ni nzuri. Hakuna mjenzi wa maana asiyezitumia. Lakini kwenye kioo kipande hakina uzito, ekseli haipindi na gurudumu halitelezi. Injini nyingi zinazopendeza kwenye kompyuta hukutana na ukweli siku ya kwanza ya reli. Wapo pia wanaosema nunua kona pana, zinauzwa, na matatizo yote haya yatakwisha. Yatapungua, naam. Na Garratt angeweza kuambiwa vilevile: tandikeni reli upya, nyoosheni milima. Jibu lingekuwa kwamba gharama ya kunyoosha njia ni kubwa kuliko gharama ya kuigawa injini vipande vitatu. Mjenzi anayenunua kona pana amefanya uamuzi wa kiuchumi, na ni vizuri ajue kwamba ameufanya.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la bei. Matofali haya ni ghali, na kwetu ni ghali maradufu kwa nauli na ushuru. Seti ya Orient Express iliyotoka mwaka 2023, yenye vipande 2,540, iliuzwa Marekani kwa dola 299.99, na pamoja na bei hiyo ilitoka bila mota. Ni pambo la rafu. Kumwambia mzazi wa Kigoma au Kitui kwamba elimu ya uhandisi inapatikana kwa fedha kama hizo ni kumtukana. Zaidi ya hapo, watoto wetu wamekuwa wakijenga magari ya waya yenye usukani na magurudumu ya kandambili tangu kabla mababa zao hawajazaliwa, bila kumwomba mtu wa Billund ruhusa. Nakubali yote mawili, na la pili linaimarisha hoja yangu. Gari la waya lenye usukani unaogeuza tairi za mbele ni mfano unaotembea. Nalo huulizwa swali na kona ya njia ya mtaani na hujibu. Tofauti ya matofali iko katika mambo mawili. Vipande vyake vina kipimo kimoja, kwa hiyo mtoto wa Tabora na wa Nakuru wanaweza kulinganisha hesabu zao na kusahihishana. Na vinavunjika na kujengwa tena mara elfu bila kupotea, kwa hiyo sanduku moja la shule, likitunzwa na mwalimu mwenye funguo, linaweza kupitia mikono ya madarasa mengi. Hilo haliondoi bei. Linaigawa tu, na pale ambapo hata mgawo wake ni mkubwa, waya na visoda vishike zamu. Somo la kona ni lilelile.

Kuna na wale wanaosema kwamba kuishangilia injini ya mvuke ni kuulilia ukoloni. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Ziwa Victoria mwaka 1901. Iliwaleta vibarua karibu 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Ardhi ilichukuliwa, watu wakasukumwa, na njia ikachorwa kwa faida ya waliokuwa mbali. Anayejenga injini ya matofali huku akiota kofia za safari na chai ya saa kumi anastahili kuambiwa hayo usoni. Lakini hapa pia mfano unaotembea una manufaa zaidi kuliko picha ya kupendeza. Ukishaufanyia hesabu, huwezi kukwepa kuuliza kwa nini injini nzito kiasi hicho ilihitajika kwenye reli nyembamba kiasi hicho. Reli ya upana wa mita moja ilichaguliwa kwa sababu ilikuwa rahisi kwa fedha. Nusu karne baadaye mizigo ikawa mikubwa kuliko njia, na injini ndefu ya vipande vitatu ikawa kiraka cha uamuzi ule wa kwanza. Daraja la 59 ni deni lililolipwa kwa chuma. Leo, ambapo Kenya tangu mwaka 2017 na Tanzania tangu mwaka 2024 zinaendesha treni za abiria kwenye reli ya upana wa milimita 1,435, raia anayeelewa kwa nini upana na kona huamua mambo ya miaka hamsini mbele anaweza kuisoma mikataba ya reli kwa jicho jingine.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapoipa mifano alama kwenye maonyesho ya sayansi kwa uzuri wa rangi. Jaji anapita, anaona treni ya maboksi iliyopakwa maruni ya shirika la zamani, anaandika alama, anaenda meza nyingine. Hakuiona ikitembea. Hata suala la rangi lingejadiliwa vizuri zaidi kama kazi ingekuwa ya kutembea, maana mjenzi wa matofali anajua kwamba si kila kipande hupatikana katika wekundu mzito anaouhitaji, na mara nyingine kipande chenye nguvu inayotakiwa hutoka kijivu tu. Je, aufiche ukijivu huo nyuma ya tangi, au auache uonekane na injini ipite kona? Mimi ningempa alama aliyeuacha.

Na makumbusho yangeweza kufanya jambo dogo. Duara la kona 16 lina kipenyo cha sentimita 64 kutoka katikati ya reli hadi katikati ya reli, kwa hiyo meza ya kawaida inalipokea. Mzunguko wake ni mita mbili na milimita chache, na injini ya milimita 660 iliyopinda katika viungo vyake viwili ingechukua karibu theluthi ya njia yote, kichwa kikikaribia kuukimbiza mkia. Iwekwe meza hiyo mbele ya Mount Gelai, pamoja na injini mbili za matofali: moja ya rungu lisilokatwa, nyingine ya vipande vitatu, na kitufe kimoja ambacho mtoto anaweza kukifikia. Aiweke ya kwanza relini, aone inavyokataa kukaa. Aiweke ya pili, abonyeze, aitazame boila ikiingia ndani ya kona vifundo vitatu. Kisha ainue macho aitazame ile ya tani 252 iliyosimama nyuma ya meza, atafute mwenyewe pini zake zilipo.